Usibishane na kishawishi, ondoka

Wapendwa, wengi tukijaribiwa tunabaki palepale tukikemea. Msomeni Yusufu katika Mwanzo 39. Kabla ya siku aliyokimbia na kuliacha vazi lake mikononi mwa mke wa bwana wake Potifa, aliyemtaka alale naye, mstari wa 10 unaonyesha alikuwa amekataa hata kukaa naye. Mbio zilikuja mwishoni. Paulo naye anamwambia Timotheo azikimbie tamaa za ujanani, tena afuate haki pamoja na wanaomwita Bwana kwa moyo safi (2 Timotheo 2:22). Hapo kwenye kuwa pamoja na wenzako ndipo tunaparuka sana.

Basi futa ile namba leo, jitoe kwenye lile kundi la simu, kisha mwombe mpendwa mmoja aliyekomaa (si kikundi kizima cha maombi, tafadhali) akuulize kila wiki unaendeleaje.