Mbwa Asimame, Mtutu Usisimame

Shamba langu la minazi na maembe liko ng'ambo ya Mto Sabaki, ukivuka daraja kutoka Malindi mjini. Nina bunduki moja ya marisawa, yaani vidonge vidogo vingi ndani ya ganda moja, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, na mbwa wawili wa kienyeji. Jike anaitwa Shuwari, dume anaitwa Tufani, ingawa ningewajua vizuri siku ile nawapa majina ningeyabadilisha. Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu, na swali lao ni lile lile: "Mzee, ninunue bunduki gani?" Nawajibu waanze na mbwa. Wengi huaga mapema.

Tuelewane kwanza kuhusu sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Babangu alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa Kizungu waliokuwa wakitoka Malindi kwenda bara ya Galana, na mwezi ule alirudi nyumbani na koti la kaki na jozi ya viatu, kazi imekwisha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi, hata paa wa kitoweo ni kosa. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya mtu mwenye cheti chake halali, anayelinda boma na mazao. Ndugu zetu wa Tanzania wenye leseni ya kuwinda kanga na kwale watayatumia vilevile, kwani bunduki haijui mpaka. Na kiboko wa Sabaki akiingia kwenye mahindi usiku, mwache, piga simu kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Marisawa kwa kiboko ni kumtia hasira tu, kisha mbio ni zako.

Cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Mwanao hawezi kuichukua bunduki yako akaenda nayo shambani kwa sababu eti ni mwanao. Mwenyewe ukifa, inarudishwa polisi.

Sasa bunduki. Ile namba 12 inayosemwa si kipimo cha milimita. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa vigololi 12 vilivyo sawa, kigololi kimoja ndicho kinachoenea tundu la mtutu, karibu milimita 18 na nusu. Ukigawanya 20, kigololi ni kidogo zaidi. Ndiyo maana namba kubwa ni tundu dogo, na wauzaji wengine hawalijui hili. Kwa shamba namba 12 inatosha, na mwenye bega jepesi achukue 20. Lakini usiweke zote mbili katika nyumba moja kama huna nidhamu. Risasi ya 20 ikiingizwa kwa makosa ndani ya bunduki ya 12 huteleza mbele, ikakwama mtutuni usiione. Ukichungulia nyuma unaona tundu tupu, unatia ya 12, unafyatua, na mtutu unapasukia mkono wako wa kushoto. Kwa ajili hiyo ganda la 20 hutengenezwa la manjano. Babangu, hata baada ya miaka thelathini ya kazi, aliweka kila aina katika mfuko wake, na mfuko wa manjano hakuwahi kuutia kitu kingine chochote, hata tumbaku.

Soma pia maandishi yaliyopigwa kwenye chuma cha mtutu. Bunduki za zamani za Kiingereza nyingi zina chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachokaa ganda, ya milimita 65, za siku hizi ni 70 au 76. Risasi ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65 bila kugoma, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mdomo wa ganda hufunguka wakati wa kufyatua, ukikosa nafasi ya kufungukia unabana, na nguvu ya moshi inapanda kupita kiasi.

Bunduki ya risasi moja, ile yenye mifereji ya kuizungusha risasi ndani ya mtutu, siipendekezi kabisa kwa mashamba yetu. Nchi hii ni tambarare. Hata ile ndogo ya .22 hupeleka risasi zaidi ya kilomita moja na nusu, na zile kubwa ni kilomita kadhaa. Ukimkosa unayemlenga chini ya mwembe wako, hujui ni nani anayeanika muhogo upande wa pili. Marisawa madogo huishiwa nguvu karibu na mita 40, ingawa yatazidi kuanguka mpaka mita mia mbili na zaidi. Hayo nayo yana macho ya watu mbele yake.

Chumvi imekula bunduki nyingi hapa Malindi kuliko matumizi. Wakati wa kusi, upepo unatoka baharini siku nzima na ukilamba mdomo wako unaionja. Mwaka wa kwanza niliipaka yangu mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa jikoni. Baada ya miezi miwili yalichacha, yakanata, na sisimizi wakatengeneza barabara mpaka ndani ya mtambo. Tumia mafuta ya cherehani. Ni membamba, hayachachi, na duka lolote la vitambaa pale sokoni linayo. Matone machache tu kwenye kitambaa, na kitambaa bora ni leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara mia. Mke wangu alinipa moja, akaikata mwenyewe lile pindo lenye maneno. Alisema maneno yake hayaingii kwenye mtutu.

Kila ukiishika, ifute kabla ya kuirudisha, kwa sababu jasho la mkono nalo ni chumvi. Ikinyeshewa na mvua, kausha kisha paka mafuta. Lakini ikimwagikiwa na maji ya bahari, kwa mfano mmevuka na mashua na wimbi limeingia, usikimbilie mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu iendelee kula chuma chini kwa chini. Suuza kwanza kwa maji matamu, tena mengi, kausha mpaka ndani ya viungo, ndipo upake.

Ala la ngozi au turubai ni la safari, si la kulalia. Linavuta unyevu. Ndani ya sanduku la chuma bunduki yangu husimama mdomo chini, ukikanyaga kipande cha godoro, ili mafuta yanayoteremka yasiingie kwenye ubao wa kitako yakaulainisha. Pembeni nimetupia vile vifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Risasi ziko sanduku jingine, na ufunguo wake hauko pamoja na ule wa kwanza.

Kuna nyigu mmoja hapa, yule mwembamba anayejenga kwa tope. Tundu lolote lenye upana wa kidole kwake ni kiwanja cha bure. Niliwahi kuiacha bunduki imeegemea ukuta siku moja tu, nikiwa papo hapo barazani nikihesabu madafu, na jioni nilipochungulia mtutu wa kulia sikuona mwanga. Ningefyatua, nisingekuwa na vidole vya kuandikia haya. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kutia risasi, ikunje, itazame kuanzia nyuma, uone mbingu kupitia mitutu yote miwili. Hata kama umeitazama saa moja iliyopita.

Kulenga nitakueleza kwa ufupi, maana hakufundishiki kwa maandishi. Jua jicho lako lenye nguvu: nyoosha kidole kwenye nazi iliyo mbali, macho yote wazi, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki kwenye nazi, jicho lako ni la kulia, na bega liwe hilo hilo. Shavu ligande kwenye ubao kabla ya kufikiria kufyatua. Ziba masikio, kwani wazee wote waliofanya kazi na babangu walizeeka viziwi. Kitu kinachopita angani usikitazamie kilipo, tazamia kinakokwenda. Ukiwa uwanja wa shabaha, kisahani cha udongo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa, kikiwa mita 30 mbele yako, kitasogea karibu mita moja na nusu kabla ya marisawa kufika. Wanagenzi wote hupiga nyuma, na sababu ni moja: wanapofyatua wanasimamisha mtutu. Uache uendelee kutembea hata baada ya mlio, kama mtu anayepaka chokaa ukutani.

Mbwa ni kinyume chake. Kazi yake kubwa ni kusimama.

Hapa lazima nirudi chuoni, yaani madrasa. Sisi wa pwani tuliolelewa kwa madhehebu ya Shafi tulifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi tukakua tukimrushia mawe. Lakini mwalimu wangu alinisomesha pia aya ya nne ya Suratul Maida, inayohalalisha windo la wanyama waliofundishwa, na hadithi inayoruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Nikamuuliza, mbwa aliyefundishwa ni yupi? Akahesabu kwa vidole: ukimtuma anakwenda, ukimkataza anasimama, akikamata halili windo. Na yarudiwe mpaka ionekane ni tabia yake, si bahati. Nimesikiliza watu wengi wakieleza namna ya kufundisha mbwa, na sijasikia mtaala mfupi kuliko huo.

Anza akiwa na miezi minne hivi, dakika kumi alfajiri na dakika kumi baada ya alasiri. Mchana usithubutu. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kwa joto la Februari anaweza kufa mbele yako akiwa bado anataka kukufurahisha. Mfunge kamba ya makumbi ya mita kumi. Neno la kwanza ni "kaa". Linatangulia chakula siku zote: hagusi ugali na vichwa vya samaki mpaka amekaa na wewe umesema "haya". Akishajua hilo akiwa na njaa, atalijua akiwa na hamaki.

Kisha umruhusu akimbie na kamba, na kabla haijakazika sema "acha", mara moja tu. Ukirudia mara tano umemfundisha kwamba neno lina herufi nyingi. Akisimama, mwendee wewe, umsifu pale pale aliposimama. Ukimwita aje kusifiwa, atadhani "acha" ni "njoo". Mimi nilikosea hapo kwa Tufani, na mpaka leo anasimama huku anageuza shingo kunitafuta. Nikiwa mbali natumia firimbi, mlio mmoja mrefu ni kusimama, mifupi mitatu ni kurudi. Sauti ya mtu mwenye hasira hubadilika, firimbi haibadiliki.

Kwa la tatu, lile la kutokula anachokamata, shona kifurushi cha gunia kuukuu, kifunge manyoya ya kuku. Mtupie, akuletee. Usimnyang'anye kwa kuvuta, maana kuvutana ndiko kunakozidisha meno. Mpe kipande cha samaki, ataachia mwenyewe. Shuwari alifika mahali akaniletea yai la kanga bila ufa. Sikumtuma, na nilimrudisha nalo mpaka kichakani huku nikicheka.

Mlio wa bunduki mjulishe polepole. Mtu agonge vifuniko vya sufuria hatua hamsini kutoka anapokula, kila siku asogee hatua tano. Masikio yakilala na mkia ukaingia katikati ya miguu, rudi nyuma hatua ishirini bila kulaumu. Aliyetishwa mara moja kwa haraka yako unaweza usimpate tena.

Tumbili na nyani wakija, natuma, mbwa wanawasukuma mpaka kwenye ua wa minyaa, nasema "acha", basi. Mbwa asiyesimama pale ataua, na akiua, anayejibu ni wewe. Walioko Gede na Jilore, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, wawe waangalifu mara mbili, kwani yule sange, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye kiuno cha dhahabu, anaishi huko na karibu hapatikani kwingine. Na mbele ya dume la nyani mbwa aliyesimama ndiye anayerudi nyumbani na tumbo lililofungwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, bila mjadala. Kupe watafute ndani ya masikio na kati ya vidole. Swila akimtemea machoni, mwoshe kwa maji mengi hapo hapo kabla ya kumtafuta daktari. Ukiwa karibu na misitu yenye mbung'o, wale inzi wanaoeneza malale, huku kwetu au Lamu bara, mtazame mbwa macho kila juma. Akidhoofika na jicho likaingia ukungu wa buluu kama limefunikwa na maziwa, usingoje, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo, umtajie mbung'o. Hao mbwa wa kizungu wanaoletwa kwa ndege ndio wanaoangushwa haraka. Wa kienyeji wanavumilia zaidi, na bei yake ni kuku mmoja.

Chombo chao cha maji ni sufuria lililopakwa rangi nyekundu ukingoni, linakaa chini ya mwembe, na hakuna anayelihamisha. Karibu na bomba pana debe la mchanga safi kwa ajili ya ile moja kati ya saba. Wajukuu wangu wanajua kuhesabu mpaka saba kuliko wanavyojua kuhesabu mpaka kumi.