Jinsi ya kutengeneza huduma ya jiji janja pamoja na wananchi, kabla hujamlipa programa hata mia

Kila baada ya muda kuna mtu ananitafuta, "kaka nina app ya taka, nataka niipeleke mtaani watu watoe maoni". Namuuliza ishatengenezwa? Ananiambia ndio, iko asilimia tisini. Sasa hapo maoni ya nini tena, hapo unatafuta wateja, na kutafuta wateja sio dhambi ila tusiite ushirikishwaji. Mwongozo huu ni wa ambaye hajaanza kabisa, au ameanza lakini ana moyo wa kufuta. Na nikisema jiji janja namaanisha mji unaotumia simu na data kuhudumia watu wake.

Mfano nitakaotumia ni huduma ya kuripoti mitaro iliyoziba na gari la taka lisilopita, kwa sababu ndio kazi ninayoijua, Dar, mitaa ya bondeni ambako masika ikipiga masaa mawili tu watu wanaanza kupandisha magodoro juu ya kabati. Na nikiri mapema, ya kwanza nilichemsha. Tulikaa ofisini kwenye kiyoyozi tukachora app tamu kweli, ramani, picha, jipiesi, kila kitu, ofisi moja ya umma (sitaitaja) ikaja kupiga picha siku ya uzinduzi. Miezi mitatu baadaye ripoti karibu zote zilizoingia zilikuwa zetu wenyewe za kujaribia, na moja ya jamaa aliyekuwa anaulizia kibali cha ujenzi.

Hatua ya 1: Anzia ofisi ya serikali ya mtaa

Barua yako ipite manispaa, ishuke kwa mtendaji wa kata, ndio ufike mtaani kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Najua inachosha, ila ukiruka ngazi utaulizwa "umetumwa na nani?" na siku yako imeishia hapo. Ukishapokelewa omba kukaa na wajumbe wa nyumba kumi. Mjumbe anajua nyumba gani ina mgonjwa, nani kahamia juzi, mpaka wa shina lake unaishia kwenye mti gani, vitu ambavyo kwenye ramani ya ofisini havipo.

Tuna bahati Dar tayari kuna pa kuanzia. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatembea na wakazi wenyewe kata kwa kata, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Iprinti kubwa uende nayo. Ukiitandaza mezani watu wanainama wenyewe kutafuta nyumba zao, na wataanza kukukosoa, hapa si pa fulani, huu mtaro ulishafukiwa. Hicho ndicho unachokitaka.

Hatua ya 2: Tafuta wasiokuja mkutanoni

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapoharibu. Ukiitisha mkutano Jumanne saa nne asubuhi utapata wastaafu, wenye nyumba, na wale wawili watatu wanaohudhuria kila kitu. Wanaoogelea kwenye maji ya mtaro wengi ni wapangaji, na mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi wilaya nyingine kabisa. Kwahiyo usiwaite, wafuate. Mama lishe wapate kuanzia saa tisa alasiri wakishaosha masufuria. Bodaboda waende kijiweni mida ile abiria wa asubuhi wameisha. Wanaosukuma mikokoteni ya taka usiwasahau hata kidogo, hao wanajua kila kona inayotupwa taka usiku na anayetupa. Mtu wa kiti cha magurudumu, au mama mwenye mtoto mgongoni, ndiye atakayekuonyesha kwamba ile "njia ya kupita" uliyoweka kwenye ramani ni ubao tu juu ya shimo.

Makundi yawe madogo, watu nane mpaka kumi na wawili, na wanawake wawe na kikao chao peke yao angalau kimoja, maana ukiwachanganya siku ya kwanza wanaume wataongea na wanawake wataitikia. Halafu suala la posho, usilifichefiche. Sema mapema ni nauli na soda, kiasi ni hiki, sawa kwa wote kuanzia mwenyekiti hadi kijana wa kijiweni. Ukimpa mmoja bahasha nene kumzidi mwenzake kabla ya jioni mtaa mzima unajua.

Ukiwa na eneo kubwa kuliko mtaa mmoja angalia walivyofanya Mukuru, eneo la mabanda Nairobi. Kaunti ilipotangaza 2017 kwamba Mukuru ni eneo la mpango maalumu, wakazi wenyewe pamoja na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa maeneo ya mabanda Kenya, walijipanga kaya kumi kumi, kila kumi wana mwakilishi wao, wawakilishi nao wanakutana juu yake, na eneo lenyewe lina kaya zaidi ya 100,000. Sisi wa Dar mambo ya nyumba kumi hatuhitaji kufundishwa.

Hatua ya 3: Tembea, halafu uliza yaliyotokea

Usiulize "je ungependa kuwa na app ya kuripoti?" Mswahili mstaarabu atakujibu ndio, tena nzuri sana, kwa sababu umefunga safari na jua lote hili umekuja kwake, atakuvunjaje moyo. Uliza hivi: mara ya mwisho gari la taka halikuja ulifanyaje? Ulimwambia nani? Akasemaje?

Na tembea nao kando ya mtaro. Kina cha maji usiulize kwa mita, uliza yalifika wapi mwilini, kifundo, goti au kiuno. Kuna mzee alinishika mkono akanipeleka ukutani kwake, kuna mstari wa tope usawa wa swichi ya taa, juu yake mstari mwingine hafifu, akanitajia kila mstari ni mvua ya mwaka gani. Nimesoma ripoti nyingi za washauri zisizofikia ukuta ule.

Siku hiyohiyo ndio nikaelewa kwanini app yetu ya kwanza ilikufa. Mtaro pale uliziba kwa sababu mtu alijenga ukuta wa choo juu yake, na kila mtu anamjua. Ukipiga picha ukatuma na jina lako limeandikwa, hujaripoti mtaro, umemchongea jirani ambaye kesho mnazikana. Sisi ofisini tulikuwa tumeweka jina na picha kuwa lazima, eti kuzuia ripoti za uongo! Tukafuta vyote viwili.

Hicho ndio kipimo changu mpaka leo. Kama umetoka hatua hii na hakuna hata kitu kimoja ulichokipenda kimefutwa, rudi tena ukasikilize.

Hatua ya 4: Jaribu kwa karatasi na kitochi

Usifungue kompyuta bado. Kata manila vipande vya ukubwa wa skrini ya simu, kila kipande ni ukurasa mmoja wa menyu, ile ya kupiga nyota na reli kama ya kutoa hela. Nashauri menyu hii badala ya app kwa sababu inafanya kazi kwenye kitochi na haihitaji bando. Ila ina ubahili wake, ukurasa mmoja ni herufi 182 tu pamoja na nafasi, na maneno yetu ni marefu, "changamoto" peke yake imeshakula kumi.

Mmoja anashika simu iliyozimwa anabonyeza, mwingine anakuwa "mtandao", akibonyezewa moja anampa karatasi inayofuata. We kaa kimya, andika. Usimsaidie hata akikwama, ng'ata ulimi.

Karatasi yetu ya kwanza ilisomeka "Chagua aina ya changamoto". Mama mmoja anayeuza chapati akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu liko huko, akauliza, "changamoto ya nani?" Kicheko. Tukaandika "Kuna nini?" halafu 1 Mtaro umeziba, 2 Gari la taka halijapita, 3 Maji yanaingia ndani. Namba tatu haikuwepo, yeye ndiye aliyeiweka, na akasema hiyo ikibonyezwa isiende kusubiri na zile nyingine.

Kasheshe ilikuwa kwenye mahali. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba, na namba hizo ni nzuri kwa afisa aliyeko kwenye mfumo, lakini usimdai namba mtu aliyesimama kwenye maji saa nane usiku. Watu wanasema "darajani kwa Mangi", "nyuma ya msikiti", "pale kwenye mwembe". Basi tukawaomba wataje wenyewe sehemu tisa, tukaziweka kwenye menyu, na kila moja tukaiunganisha na ramani kwa nyuma. Wenzetu wa Digital Matatus kule Nairobi, ile ramani ya matatu (daladala za Kenya) iliyotoka 2014, nao walilazimika kukusanya ruti kwa kupanda matatu na simu mkononi, kwa sababu vituo vingi vilikuwepo midomoni mwa abiria na makonda tu.

Rudia na watu tofauti mpaka watatu mfululizo wafike mwisho bila kukuuliza kitu.

Hatua ya 5: Data, ongea nao wazi

Fupi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi, kwahiyo isome. Lakini zaidi ya sheria, waulize: namba yako nani aione? Kwetu walijibu manispaa sawa, serikali ya mtaa hapana, na unajua kwanini ukikumbuka habari ya choo. Usidhani hii ni hofu ya uswahilini. Toronto, Canada, kampuni ya Sidewalk Labs ilitangazwa 2017 kujenga mtaa wa kisasa uliojaa vifaa vya kunasa data za kinachoendelea mtaani, wakazi wakahoji miaka data itakuwa ya nani, na Mei 2020 mradi ukafa. Kampuni ilisema sababu ni uchumi wa kipindi cha korona, ila ugomvi wa data ulikuwa umeshaitoa jasho.

Hatua ya 6: Mlete mwenye koleo

Sio mkurugenzi, huyo atafungua kikao na kuondoka. Mlete yule atakayepokea ripoti. Tulipomkalisha afisa wa manispaa na wakazi meza moja ndio likatoka la moyoni: mtaro wa pembeni ya barabara unaweza kuwa wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wa barabara kuu ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, mwingine wa manispaa, na mwananchi anazungushwa ofisi tatu kwa shimo moja. Wakazi wakasema hatutaki hata muda wa kukamilika, tuandikieni tu meseji mtaro huu ni wa nani na kapewa lini. Hiyo meseji moja ndiyo ikawa huduma yenyewe, menyu ni mlango tu.

Sasa hapa ndio umlipe programa.

Hatua ya 7: Rudi na orodha ya mliyokataa

Kila mradi unarudi na yaliyokubaliwa, na makofi. We andika na yaliyokataliwa na sababu yake, kwa Kiswahili cha kawaida. Walitaka gari la taka mara tatu kwa wiki, haikuwezekana, manispaa haina magari ya kutosha. Walitaka mwenye ukuta wa choo apigwe faini kupitia menyu, hapana, hilo ni la afisa afya. Printi A3, iweke lamination maana mvua itaikuta, ibandike ukutani ofisi ya serikali ya mtaa usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi, kwa sababu wanaosubiri muhuri ndio wasomaji wako. Acha kalamu yenye kamba pembeni yake. Kwetu wiki ya pili kuna mtu alikuwa ameshachora mshale kwenye ile ya magari ya taka na kuandika "mikokoteni je?"