Mfuko wa nyongo umetolewa, tumbo linauma tena: nilivyoisaka sababu

Ukimpasua kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, kisu kikigusa nyongo umekwisha. Utaosha na kurudia kuosha, uchungu hautoki kwenye nyama. Nimepasua samaki hapa Kibirizi, Kigoma, miaka 23 nikidhani mambo ya nyongo nayajua. Kumbe nilijua ya samaki. Nilipotolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya vijiwe, nikarudi Kigoma kwa treni na kovu langu na bahasha ya karatasi, nikasema basi, hiyo habari imekwisha. Mwezi wa saba maumivu yakarudi palepale, chembe cha moyo. Wa kwanza niliyemweleza, naye ni mtu wa koti jeupe, akanijibu: “Mama, wewe huna nyongo tena. Hiyo ni gesi.”

Jibu hilo lilinichelewesha miezi mitatu. Kwa hiyo anzia hapa: nyongo unayo. Inatengenezwa na ini, na kilichotolewa ni mfuko wa kuihifadhi tu. Sasa inateremka moja kwa moja kwenye mrija mkuu hadi utumbo mwembamba, mchana na usiku. Mrija huo ukiziba, ukibana au ukivuja, utaumwa kama zamani, pengine kuzidi zamani. Halafu tumbo lina magonjwa mengine chungu nzima ambayo hayaulizi kama mfuko upo au haupo.

Hesabu kwanza umepasuliwa lini. Kama ni siku mbili tatu zilizopita na ulipasuliwa kwa matundu madogo, bega la kulia linaweza kuuma mpaka ukashangaa, tumbo na bega wapi na wapi? Ni ile hewa waliyojaza tumboni ili waone vizuri, huisha yenyewe. Kidonda nacho huuma, hasa ukikohoa. Lakini ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, tumbo likijaa na kukakamaa, homa ikapanda, maumivu yakazidi badala ya kupungua, huenda nyongo inavuja ndani au kuna usaha. Hapo rudi ulikopasuliwa, au hospitali yoyote iliyo karibu, siku hiyo hiyo.

Kama imepita miezi au miaka, chukua daftari. Mimi nilitumia lile la madeni, kurasa za nyuma. Nikawa naandika saa maumivu yalipoanza, nilichokula na saa ngapi, yameanzia wapi na kwenda wapi, yamedumu muda gani, nimemeza dawa gani, na mkojo na choo vilikuwa na rangi gani. Mume wangu alicheka kwamba nauandikia mkojo barua. Wiki tano tu, daftari likanionyesha kitu ambacho kichwa changu hakikukiona: nilikuwa na maumivu mawili, nami nikiyaita jina moja.

La kwanza lilikuwa la kuwaka moto, usiku au nikiwa na njaa, nikila kidogo linatulia. Kwenye safu ya dawa, karibu kila ukurasa: diklofenaki, dawa ya maumivu. Nilikuwa nainunua kwa ajili ya goti, na tumbo likiuma naongeza nyingine. Dawa za jamii hiyo huchimba vidonda vya tumbo. Nilipimwa bakteria wa vidonda pia, nikaacha diklofenaki, nikapewa dawa, moto ukazimika. Kwa hiyo kama na wewe unajitibu maumivu haya kwa vidonge vya dukani, viandike vyote, hata unavyoviona vidogo. Dawa kali za maumivu za jamii ya kodeini nazo zinaweza kukaza mlango wa mrija wa nyongo ukaumwa zaidi.

La pili lilikuwa jingine kabisa. Lilikuja kwa vipindi, likakaza chini ya mbavu za kulia na chembe cha moyo, likapenya hadi mgongoni. Nilitapika na kulowa jasho, likidumu saa moja au hata nne, kisha likaondoka kama halikuwahi kuja. Sura hiyo ndiyo ya mrija. Kijiwe kinaweza kuwa kiliteleza humo kabla ya upasuaji kikabaki, au kikajitengeneza baadaye. Mrija unaweza kuwa umebana kwa kovu. Mlango wake unaweza kuwa haufunguki vizuri. Minyoo mikubwa ya duara nayo hupenya humo, msiidharau. Kuna hata wanaobakiwa na kipande cha mfuko wenyewe, kwa sababu uvimbe ulikuwa mbaya na daktari akaona kukata chote ni hatari. Ndani ya kipande hicho vijiwe vinaweza kukaa. Ndiyo maana nasema usitupe karatasi za upasuaji, na uulize: mfuko ulitoka wote?

Mengine nayapitia haraka. Wifi yangu wa Ujiji alikuwa akimaliza kula anakimbilia chooni, tumbo likinyonga. Nyongo ikifika nyingi kwenye utumbo mpana huharisha, na dawa ya kuikamata ipo, muulize daktari. Uvimbe unaotokeza kwenye kovu ukikohoa ni ngiri. Maumivu makali yasiyokoma, ya chembe cha moyo kwenda mgongoni, yaweza kuwa kuvimba kwa kongosho. Yakija ukipanda mlima wa kwenda nyumbani na kutulia ukipumzika, omba kipimo cha moyo, hata kama unayasikia tumboni.

Sasa ya kukimbiza. Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo mfinyanzi, yaelekea mrija umeziba. Ikiongezeka homa na baridi ya kutetemeka, kuna maambukizi kwenye mrija, na hayo huua. Huku kwetu mtu akitetemeka tunasema malaria. Pima malaria, sawa, lakini hata ikionekana, macho ya manjano na tumbo kuuma bado vinakudai hospitali usiku huo. Mimi aliyeona ni binti yangu, tukiwa tunaanika dagaa: “Mama, hebu geuka juani.”

Jambo moja natamani ningelijua mapema: nenda wakati maumivu yapo, au mara tu baada yake. Vipimo vya damu vya ini na kongosho hupanda wakati wa shambulio, kisha vinaweza kurudi kawaida. Ukienda wiki mbili baadaye unaambiwa huna kitu. Na utrasaundi ikisema hakuna kijiwe, usikubali kesi ifungwe hapo, maana kijiwe kilicho chini ya mrija hufichwa na hewa ya utumbo. Kwangu ilionyesha mrija umepanuka tu, jambo ambalo baada ya upasuaji laweza kuwa la kawaida. Damu ndiyo iliyosema. Nikapewa rufaa, nikapigwa picha ya sumaku ya mirija, kisha mpira wenye kamera ukapitishwa mdomoni hadi mlango wa mrija, mlango huo ukakatwa kidogo, kijiwe kikavutwa. Hawakunipasua tena.

Mtaniuliza mawese. Nilipoumwa niliyaacha kabisa, na ugali wa muhogo na maharage bila mawese ni adhabu. Kijiwe kilipotoka nilirudi kijiko kimoja kimoja, nikiandika, mlo mdogo mara nyingi badala ya sinia moja la jioni. Sasa nakula. Mgebuka wa kukaanga ndio bado unaninyonga tumbo, kwa hiyo nauuza, na wangu nauchemsha kwa nyanya na ndimu.