Umehukumiwa kwa kesi ya mkataba bila kusikizwa? Hivi ndivyo unaomba hukumu iondolewe (Kenya)

Madalali wamekuja wakaorodhesha gari, friji na viti, wakasema una siku 7, na wewe hata hujui ni kesi gani. Usilipe kwa hofu na usianze kuficha vitu. Hukumu iliyotolewa kwa sababu hukujitokeza ama hukuweka utetezi inaweza kuondolewa, Amri ya 10 kanuni ya 11 ya zile Kanuni za Kesi za Madai za 2010 inampa hakimu hiyo nguvu.

Anza kwa faili. Chukua namba ya kesi kwa hizo karatasi, nenda rejista ya korti uombe kusoma, na utafute hati ya kiapo ya yule mtu anayedai alikuletea samansi, yaani karatasi ya korti ya kukuita ujibu kesi. Isome pole pole: anasema alikupata wapi, siku gani, saa ngapi, nani alimwonyesha kuwa ni wewe. Kama anasema alikupata dukani Nakuru na siku hiyo ulikuwa Mombasa na tiketi ya SGR unayo, hiyo ni dhahabu, na unaweza kuomba aitwe aulizwe maswali chini ya kiapo. Lakini kabla hujaapa chochote angalia imeili na WhatsApp yako vizuri kwa sababu tangu 2020 samansi inaweza kutumwa huko, na ukishikwa kwa uongo hapo hakuna hakimu atakusikiza tena.

Angalia pia kama ulipewa notisi ya hukumu. Kwa hukumu za aina hii Amri ya 22 kanuni ya 6 inasema lazima upewe notisi ya siku zisizopungua 10 kabla mali yako kuguswa. Wengi hawajui hii na inaokoa watu.

Sasa, kama samansi haikukufikia kabisa hukumu hiyo ina kasoro na kuondolewa ni haki yako. Kama ilikufikia ukalala, ama wakili wako akasahau, hapo unaomba huruma ya korti na sababu lazima iwe ya kweli. Kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya 1967 mpaka leo ndiyo inasomwa: korti inasaidia aliyepatwa na bahati mbaya ama kosa linalosameheka, haimsaidii anayechelewesha haki makusudi.

Halafu hapa ndipo watu wengi wanaanguka, wanaandika kurasa nzima za kwa nini hawakuja na hawasemi wana utetezi gani. Andika rasimu ya utetezi wako uiambatishe. Tuseme supplier anadai 480,000 za mabati na wewe ulishalipa 300,000 kwa M-Pesa, na mengine yalikuja na kutu ukayarudisha: weka statement, delivery note, picha, meseji za kulalamika. Si lazima uonyeshe utashinda, inatosha kuwe na jambo la kweli la kubishaniwa.

Karatasi zenyewe ni Notisi ya Mosheni (ndiyo ombi lenyewe), hati yako ya kiapo iliyogongwa muhuri na kamishna wa viapo, rasimu ya utetezi, na hati ya dharura kama dalali yuko mlangoni. Ndani ya ombi hilo hilo omba pia utekelezaji usimamishwe mpaka usikizwe, maana kuweka ombi peke yake hakumzuii dalali. Kama ulikuwa na wakili na unataka mwingine baada ya hukumu, huyo mpya anahitaji ruhusa ya korti ama makubaliano na yule wa zamani, Amri ya 9 kanuni ya 9.

Ile Amri ya 10 kanuni ya 11 haijataja siku za mwisho za kuomba lakini kila wiki unayokaa utaulizwa ulikuwa wapi, so kimbia.

Ukikubaliwa mara nyingi kuna masharti, ulipe gharama za mwenzako ama uweke sehemu ya pesa kortini, na unapewa siku za kuweka utetezi. Weka kabla hizo siku kuisha, kwa sababu ukizembea hukumu inaweza kurudi na mara ya pili ni ngumu sana.