Sikukuu ya dini kuwa siku ya mapumziko Kenya: lengeni Jedwali la sheria

Kamati nyingi za waumini wanaotaka sikukuu yao iwe ya mapumziko hukimbilia kumwandikia Waziri wa Usalama wa Ndani. Sheria ya Sikukuu za Umma (Sura ya 110) inamruhusu kutangaza siku ya ziada katika Gazeti Rasmi, na huo ndio mlango wa haraka. Tatizo ni kwamba tangazo ni la siku hiyo tu; mwakani mtarudi kubisha hodi. Kinachodumu ni kuandikwa katika Jedwali la sheria yenyewe, yaani orodha ya sikukuu iliyoambatishwa nayo. Siku ya Moi iliachwa kuadhimishwa baada ya Katiba ya 2010, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba ilikuwa bado siku ya mapumziko, kwa kuwa Bunge halikuifuta humo.

Someni Jedwali kabla ya kuandika lolote. Idd-ul-Fitri na Krismasi ni za wote. Idd-ul-Adhha imewekewa Waislamu na Diwali Wahindu. Amueni mnaomba fungu lipi. Waajiri wakilalamikia siku nyingine ya kazi kupotea, mapumziko ya waumini pekee ni rahisi zaidi kuyatetea.

Kisha andikeni ombi kwa Bunge, haki iliyo katika Kifungu cha 119 cha Katiba. Kiswahili kinakubalika. Taja kichwa cha ombi katika kila ukurasa, eleza mliomba wapi awali na mlijibiwa nini, sema kama kuna kesi mahakamani, na mmalizie kwa kuomba jambo moja lililo wazi. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba, papo hapo kwenye karatasi ya ombi. Sahihi zilizobandikwa hazifai, wala maneno yaliyofutwa na kuandikwa juu yake.

Tarehe ndiyo huharibu mengi. Kwa Maulidi, msiandike siku ya kalenda ya kawaida, itahama kila mwaka. Andikeni “mwezi 12 Mfungo Sita”, yaani siku ya 12 ya Rabiul-Awwal, na mtaje ni nani atakayethibitisha mwandamo. Tanzania tayari hupumzika Maulidi, mfano mzuri wa kutoa. Ila wapo Waislamu wasioisoma. Zungumzeni nao mapema, maana mbunge akiona misikiti inavutana hataligusa ombi hilo.

Ombi peke yake halibadilishi sheria. Kamati ya Bunge ikishalijadili, bado mnahitaji mbunge wa kuwasilisha mswada wa marekebisho. Mpelekeeni kifungu kilichokwisha kuandikwa, kikitaja sehemu ya Jedwali kitakapoingia, na mjiandae kufika kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma.