Somo: Ramani ya safari ndani ya programu ya ofisi

Wakuu, sisi tunaotengenezea ofisi za utalii za hapa Arusha programu za kupanga magari na wageni, ombi huwa lile lile: "weka na ramani humo humo." Usihangaike kuichora mwenyewe, pachika injini ya kivinjari, yaani ile sehemu inayosoma na kuonyesha kurasa za wavuti. Mimi natumia Python na Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu), ambayo injini yake ya kivinjari ni Chromium, msingi ule ule wa Chrome.

Hatua ya 1. Sakinisha. Mzigo ni mkubwa, subiri bando la usiku.

pip install PySide6

Hatua ya 2. Dirisha lenyewe:

from PySide6.QtCore import QUrl
from PySide6.QtWidgets import QApplication
from PySide6.QtWebEngineWidgets import QWebEngineView
from PySide6.QtWebEngineCore import QWebEngineSettings

app = QApplication([])
ramani = QWebEngineView()
ramani.setUrl(QUrl.fromLocalFile("C:/ofisi/ramani.html"))
ramani.show()
app.exec()

Mistari ya "from" itangulie QApplication, la sivyo Qt italalamika.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu hukwama. Ukurasa na Leaflet (maktaba ya JavaScript ya kuonyesha ramani) viko kwenye diski, dirisha linafunguka, vitufe vya + na − vinaonekana, ila kuanzia Makuyuni hadi Ngorongoro ni kijivu kitupu. Utalaumu mtandao bure. Qt humzuia faili wa diski asichote vitu vya mtandaoni, zikiwemo picha za ramani, mpaka umruhusu, kabla ya setUrl:

ramani.settings().setAttribute(QWebEngineSettings.WebAttribute.LocalContentCanAccessRemoteUrls, True)

Ruhusa hii ni kwa ukurasa ulioandika wewe tu. Ukurasa wa mtu baki usiupe.

Hatua ya 4. QWebChannel, daraja la Qt la kupitisha taarifa kati ya ukurasa na programu yako. Karani akibofya Karatu kwenye ramani, jina liingie lenyewe kwenye fomu ya safari. Bila daraja hili, kivinjari cha kawaida kingemtosha.

MASWALI

Mkuu, nikifunga programu, "login" inapotea. Kwa nini?
Kwenye Qt 6 profaili ya kawaida haihifadhi kuki (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hukutambulia) kwenye diski. Tengeneza QWebEngineProfile yenye jina, kisha uipe QWebEnginePage.

Kaka, mbona Task Manager inaonyesha QtWebEngineProcess pembeni?
Kurasa huendeshwa kwenye mchakato wake. Ukurasa ukianguka, fomu ya karani inabaki hai. Sikiliza renderProcessTerminated uupakie upya.

Wateja wangu wa Moshi wote wana Windows 11, na programu imekuwa nzito mno kwenye fleshi.
Basi achana na Qt, tumia WebView2 ya Microsoft. Windows 11 inakuja nayo, hubebi injini. Ila siku mmoja wao akihamia Linux, hiyo kazi utaianza upya.