Moshi ukizidi jikoni, anza na kuni

Moshi mzito kwenye jiko la kuni ni kuni inayopotea bila kuungua. Mara nyingi chanzo ni unyevu: moto hutumia joto lake kukausha maji kwanza, huku ugali unasubiri. Wakati wa masika ya Dar, panga kuni juu ya matofali, chini ya bati, upepo upite katikati. Zikilazwa chini uani, zinanyonya maji upya. Gonga vipande viwili: vikavu hulia "ko!", vibichi hutoa mlio mzito uliofifia, na ncha zake kwa kawaida hazina nyufa.

Pasua unene wa vidole viwili hivi. Washa kwa vijiti, kisha ingiza vipande viwili au vitatu, ncha tu ndizo ziwake, usukume kidogo kidogo kadiri zinavyoisha. Usijaze mdomo wa jiko! Hewa hupitia chini ya kuni. Ukiiziba, hata kuni kavu kabisa zitafuka. Komba majivu kila asubuhi. Ili kuni zitumike chache, maharage loweka usiku kucha, na ufunike sufuria unapoyapika. Mlango uwe wazi, na mtoto wa mgongoni apokelewe na mtu mwingine nje wakati unapika.